Mounira Hajaacha Kuyumba

Kwa bwana yangu Souleymane, kule ku soko ya Kasomeno,

Nakusalimia sana kutoka huku kwetu Katuba, Lubumbashi. Mama yako anakusalimia, miguu inamuuma lakini anakula. Mutoto yetu mukubwa Shafi anakusalimia, amepita darasa ya sixième. Yasmine mudogo ameota meno mbili. Mounira wetu iko na miaka saba sasa. Hasalimie muntu, unamujua, lakini nikitaja jina yako anageuka.

Baba Mounira, ulisema utarudia nyumbani siku ataacha kuyumba. Siwezi kukudanganya, hajaacha. Mvua ikipiga mabati anayumba na kupunga mikono, na majirani bado bananiuliza nani alituloga.

Lakini nilimupeleka ku chuo ya Korani. Kule batoto bote banayumba bakisoma. Nilisimama ku mulango nikamutafuta, sikumuona mara moja. Alikuwa kati yabo, sawa na bengine. Maalimu akacheka: "Mama Mounira, huyu hachoki. Benzake bakisinzia, yeye njo anabaamusha."

Nililia njia nzima ya kurudia nyumbani, sababu wewe haukuwa hapo.

Hataacha, baba Mounira. Nauliza tu kama utakuya kwetu hivi hivi, na kuyumba kwake. Usingoje soko iishe. Dereva wa kwanza anayekuya Lubumbashi, mupatie jibu aniletee.

Bibi yako,
Alima