Maktaba Mbili, Mashine Moja ya Minago

Alhamisi, Rumonge. Mvua tangu alfajiri, ziwa limegeuka rangi ya matope. Nina hasira na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Kosa ni langu. Naanza hapo ili mwingine asinisemee.

Wiki jana nilituma disketi kwenye kituo cha afya cha Minago, ambako tuliweka mashine, kompyuta inayoendeshwa na Linux. Ilibeba programu mpya ya dawa. Programu hiyo inahitaji toleo la tatu la maktaba ya pamoja, yaani kile kipande kinachokaa mahali pamoja kwenye mashine na kutumiwa na programu nyingi. Programu ya zamani, ya chanjo, inahitaji toleo la pili. Mimi, msomi, nikazipa paketi za maktaba zote mbili, yaani vifurushi vya kuziweka kwenye mashine, jina moja. Mashine ikadhani mpya imekuja kurithi ya zamani, ikaifuta, na programu ya chanjo haikufunguka tena. Hapa ofisini nilijaribu ile ya dawa tu. Ilifunguka, nikaridhika.

Jana alipiga simu Mama Goreth, muuguzi wa kule. "Mutoto wangu, dawa naziona. Sasa watoto iko wapi?"

Watoto wake ni wa kambini, waliokimbia vita huko milimani. Kadi zao ziliungua pamoja na nyumba. Orodha iliyomo kwenye programu ya chanjo ndiyo peke yake inayojua nani alishachanjwa, na surua imeanza.

Nilimweleza chef, mkuu wetu wa ofisi, mbele ya wote. Akasema nichague programu moja, chanjo irudi kwenye daftari.

"Mademoiselle, wake wawili chumba kimoja? Hata mjomba wangu alishindwa."

"Labda mjomba aliwaita kwa jina moja, chef. Mimi nitampa kila mmoja lake."

Ofisi nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Amesema Jumatatu atapita Minago, na mashine itapanda gari kurudi Bujumbura.

Sichagui.

Leo nimezipanga upya. Paketi moja ya maktaba jina lake linaishia na mbili, nyingine na tatu, na faili zao hazigongani popote. Kila programu nimeiandikia inahitaji ipi, kwa namba, jambo ambalo mwanzoni niliona uvivu kulifanya. Halafu nikachukua mashine ya stoo, nikaifuta kabisa, nikaanza kama mtu asiyejua chochote. Dawa imefunguka. Chanjo imefunguka. Nimezifunga na kuzifungua mpaka vidole vimechoka.

Nakiri kitu kimoja: nilipoona zote mbili kwenye kioo cha mashine, nililia kidogo. Watu wa hapa wakiambiwa wawili hawawezi kukaa pamoja, wanakubali haraka mno. Mimi nimechoka kukubali.

Ningeweza kumpa dereva disketi tena. Sitampa, nitazipeleka mwenyewe. Nilishaamini mara moja bila kuona.

Mama yangu amenikataza. Anasema barabara ya Minago haina huruma, na ana haki ya kusema, maana kaka yake hakurudi kutoka huko. Nimepiga pasi gauni, nimefunga disketi mbili ndani ya nailoni. Minibasi ya kwanza ya kesho inaondoka wanajeshi wakishafungua njia.

Naogopa sana.

Nakwenda hivyo hivyo. Jumatatu chef akifika kuchukua mashine, atakuta akina mama na watoto wamepanga foleni, na majina yao yanasomwa kwenye kioo. Aing'oe mbele yao.