Mama Hataki Nisifiwe

Jumamosi, 8 Julai 1995

Leo tena! Narudi kutoka mazoezini nimefurahi, buibui limejaa vumbi. Nafika nyumbani, Mama amekaa kibarazani na Bi Shukri, jirani yetu, wanachambua mchele. Bi Shukri akaniuliza, haya Haifa, gari laendaje? Kabla sijafungua mdomo, Mama keshajibu: "Hata! Hayui kitu huyo. Yuwapoteza wakati wake tu."

Hayui kitu! Na mimi leo nimeendesha kutoka Tudor mpaka Feri, gari halikuzima hata mara moja. Bwana Kioko, mwalimu wangu wa gari, kunyamaza ndiyo sifa yake. Leo alinyamaza njia nzima.

Nikaingia ndani nikabwaga mkoba. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa na nimeachika, nasemwa mbele za watu kama mtoto anayejikojolea. Wali wenyewe sikuula.

Alhamisi, 13 Julai

Mwalimu Sidi, mkuu wetu shuleni, kaniita ofisini baada ya watoto kuondoka. Shule yetu ya chekechea imepata gari, na litaanza kubeba watoto shule ikifunguliwa Septemba. Wazazi wanataka dereva mwanamke, maana watoto ni wadogo. Kazi ni yako, Haifa, kaniambia, ila leseni iwe mkononi kabla ya kufungua. Usipokuwa nayo itabidi nitafute mtu mwingine, na sipendi, lakini nifanyeje?

Mtihani ni Jumanne, tarehe 15 mwezi ujao. Mara ya tatu.

Mara ya kwanza na ya pili sijaziandika humu kwa kuwa nilitaka kuzisahau. Haya basi. Mara ya kwanza niliangukia mezani, kwenye ile meza ya mtihani yenye barabara za kuchorwa na vigari vya mbao. Askari wa trafiki akaniambia toka hospitali uende posta. Njia naijua! Ningeipita nimefumba macho. Lakini vidole vilikufa ganzi, masikio yakaziba, nikakipitisha kigari katikati ya raundabauti, juu ya maua. Mara ya pili meza nilipita. Nikaingia garini, gari likazima. Nikawasha, likazima. Pumzi ikanipotea, nikalia mbele ya askari wa watu, na yeye akageuza uso akatazama dirishani kwa kunionea haya.

Naitaka kazi hii. Naitaka mpaka naona aibu kuandika. Baada ya talaka nililala kitandani chumba cha juu karibu mwaka mzima nikihesabu boriti za dari. Siogi, sisuki nywele, sitaki kumwona mtu. Gari ndilo jambo la kwanza nililolitaka mwenyewe tangu siku zile. Nikilikosa hili, nakiogopa kile kitanda.

Ijumaa, 14 Julai

Nimemwambia Mama tarehe. Kafunga dirisha! Kwanza dirisha, halafu mlango, ndipo akaninong'oneza: "Usimwambie mtu. Hata ndugu yako. Midomo ya watu haina wema."

Jioni nikamsikia akimwambia Bi Shukri kwamba Haifa ameacha mambo ya gari, ameona hayawezi.

Ameacha! Sasa nimeacha na mimi sina habari!

Jumatano, 19 Julai

Siku mbaya. Kioko kanipeleka mteremko wa Feri nijifunze kuondoka mlimani. Watu wamemwagika kutoka kwenye feri, wachuuzi wanapiga kelele, mkokoteni wa madafu uko nyuma yangu. Nikaachia klachi. Likazima. Tena. Likazima tena na kuanza kurudi nyuma, na mwenye madafu anapiga ukelele, wee mama wee! Kioko akavuta handibreki. Mimi nimeganda, mikono imeshika usukani utadhani imetiwa gundi, jasho linatiririka ndani ya buibui.

Kioko hakunigombeza. Aligombeza mwenye madafu. Kisha akasema, "Madam, mikono yako inajua hii kazi. Ni kichwa inakusumbua. Nenda uone daktari, si mimi."

Nikamwambia mimi si mwendawazimu. Akasema sijasema hivyo. Nikashuka nikapanda gari la abiria mpaka nyumbani, nimenuna kama mtoto. Ameniudhi kwa sababu amesema kweli.

Jumapili, 23 Julai

Nilifanya kosa la kumhadithia Mama habari za mteremko. Hakushangaa hata kidogo. Husuda hiyo, kasema. Kuna mtu amekuona ukiendesha akakutia jicho. Leo asubuhi amekuja na kombe: sahani imeandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa marashi, nikapewa maji yake ninywe. Nimekunywa. Sikatai, maneno ya Mungu ni maneno ya Mungu, na kwa kweli nilitulia. Nililala usingizi mzuri mchana.

Nikaamshwa na sauti yake chini, anaagana na mama mdogo mlangoni. "Aa, Haifa? Wacha tu, shoga. Hayui kitu maskini, hata baiskeli hawezi."

Hata baiskeli! Utulivu wote ukaniruka. Anipe dawa kwa mkono huu na aniue kwa ule!

Jumatatu, 31 Julai

Nimekwenda. Nimekwenda kwa siri, mimi pia sasa nafunga madirisha. Daktari Awiti, mwanamke wa makamo, hana haraka, miwani imemshuka puani. Nikamweleza ganzi, masikio, pumzi. Nikamweleza na kile kitanda. Sikukusudia, yalitoka tu.

Kasema hii ni hofu, ni maradhi kama maradhi mengine, si uvivu na si wazimu. Kanifundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kama ninayepuliza chai ya moto. Mpaka hapo sawa. Halafu akauliza: "Ukikaa mbele ya askari, kabla vidole havijafa ganzi, unasikia sauti ya nani?"

Sauti ya nani! Nikakasirika. Nikamwambia mimi sisikii sauti, wanaosikia sauti ni wagonjwa wengine. Akatabasamu, akaandika kitu, akaniambia nirudi baada ya mtihani.

Nimefika mpaka Mwembe Tayari, nipo katikati ya watu na magunia yao ya safari, nikasimama ghafla. Mwenye kikapu akanigonga kisigino.

Naisikia. Kila mara naisikia. Namsikia Mama, kibarazani, na mchele wake.

Jumamosi, 5 Agosti

Siku nzima nimekaa na maneno kooni. Alasiri Mama anakanda unga wa mahamri, nikasema basi na yatoke.

"Mama, mbona wanisema kwa watu?"

"Nakusema vipi?"

"Kila mtu wamwambia siyui kitu."

Akaniangalia kama niliyemuuliza kwa nini anavaa nguo. "Ee! Wataka niwaambie wayua? Wakutie jicho? Nakukinga, mwanangu. Mtoto mzuri humuoni huitwa kinyago?"

"Lakini mimi nasikia! Wao hawasikii, mimi ndiye nisikiaye! Naenda mbele ya askari, nayua kila kitu, kisha nakusikia wewe wasema hayui kitu huyo, na kweli siyui!"

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele. Mikono yake ikatulia ndani ya unga. Nilidhani atanilaani. Akasema polepole, hata hanitazami:

"Nilikusifu mara moja. Harusi yako. Kila nyumba nilokwenda kualika nilisema, mwanangu hana mfano, si kwa tabia, si kwa mapishi, si kwa uso. Maisha yako yote nilikuwa nimenyamaa, wiki ile moja nikafungua mdomo. Ukarudi na sanduku lako."

Loo. Miaka yote hii!

Nikamwambia kwamba mume wangu, Nasser, aliniacha kwa sababu alitaka kuoa mke wa pili nami nikakataa, mdomo wako haukuwamo. Akasema, wewe ndiwe usemao hivyo. Akaendelea kukanda.

Nilimhurumia na nilitaka kumtikisa mabega, yote mawili kwa pamoja. Mahamri yalitoka magumu leo. Tukayala hivyo hivyo.

Alhamisi, 10 Agosti

Jana Maulidi. Nyumba imejaa wanawake, udi, halua, vikombe vya kahawa visivyokwisha. Watu wakaniulizia gari, na Mama hakusema kitu. Hakunisifu, hakuniponda. Akiulizwa, ananyanyua birika.

Nilitegemea nitapumua. Wapi! Nilikaa nikilitazama lile birika kama mshitakiwa anayemtazama kadhi. Kunyamaza kwake kumenichosha kuliko maneno yake. Kwani mimi nataka nini hasa?

Leo mteremko wa Feri: nimepanda. Nikapuliza chai yangu ya moto, nikaachia klachi, gari likaenda. Nikarudia, likaenda. Kioko alinyamaza.

Jumanne, 15 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya trafiki. Mikono inataka kazi. Mama yuko ubavuni mwangu. Hakuna aliyemwambia aje!

Asubuhi natoka, naye amekwisha vaa buibui, anangoja mlangoni. Nakusindikiza, kasema. Nikasema Mama, kaa. Hakukaa. Kibarazani yuko Bi Shukri, fundi cherehani amekwisha fungua, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Bi Shukri akauliza, haya, mapema yote hii, wapi? Nikajua jibu: sokoni. Au kwa mgonjwa. Miaka yote huwa tunakwenda kwa mgonjwa.

Mama akasimama katikati ya njia. Akatengeneza mtandio. Akasema kwa sauti, mpaka muuza kahawa akageuka: "Mwanangu yuwaenda kufanya mtihani wa gari. Na ayua. Ayua sana. Ataupasi."

Cherehani ikasimama.

Na Bi Shukri akasema nini? "Aa, kumbe!" Basi! Kumbe! Hata mashallah hakusema! Mtu anatajiwa jema la mwenziwe uso kwa uso, anasema kumbe!

Na hapo — naona haya hata kuandika — nilimwangalia Bi Shukri machoni. Mimi! Niliyekwenda kwa daktari, niliyemwambia Mama mdomo wake haukuwamo! Nikamkagua macho yule bibi wa watu kutafuta kama yana husuda. Nilitaka kumziba Mama mdomo, niyarudishe maneno yote mdomoni mwake moja moja. Njia nzima nimenuna. Nimelililia jambo hili mwezi mzima, nimepewa, na sasa silitaki.

Meza nimepita. Alhamdulillahi. Raundabauti zote, maua salama. Sasa tunangoja zamu za gari. Mbele yangu bwana mmoja tu, mwenye kanzu, naye anafuta jasho.

Vidole vimeanza. Cha mwisho na cha pete, mkono wa kushoto.

Nimemshika Mama mkono, kumbe wake ni baridi kuliko wangu. Midomo imempauka. Anahema juu juu. Nikamwambia Mama, vuta kwa pua, toa kama unapuliza chai. Akaniangalia, chai gani? Nikamwonyesha. Akapuliza. Tukapuliza sote wawili, na bwana mwenye kanzu akatutazama kwa wasiwasi.

Halafu nikashindwa kujizuia. Nikamwinamia sikioni: "Mama, sema siyui kitu."

"Eti?"

"Sema mara moja tu. Hapa hapa. Polepole."

Nilidhani atafurahi. Si dawa yake hiyo, si ndiyo aliyokuwa akinipa maisha yangu yote? Macho yakamjaa machozi.

"Sisemi."

"Mama, tafadhali."

"Sisemi, Haifa. Wayua."

"Mama, watu wanasikia!"

"Na wasikie. Wayua. Wayua, wayua, wayua."

Askari ametoka, amemwita mwenye kanzu. Mama bado anasema. Ameogopa, sijapata kumwona ameogopa hivi hata siku niliyorudi na sanduku, na hanyamazi. Nimemwambia Mama basi, basi inatosha. Hasikii. Gari la mtihani limezunguka limerudi, bwana anashuka, uso wake sijui nausomaje. Vidole bado. Puliza chai. Puliza.

Wameniita. Mama amesimama kabla yangu.