Nusu ya Kidonge cha Baba

Dada yangu mpendwa,

Tangu uende kazini huko mbali, chumba chetu kimekuwa kikubwa mno. Kitanda chako nimekijaza vitabu, angalau pawe na kitu. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa vya ushonaji wa Baba, na Baba anasema sasa ameajiri mafundi wanne wasiojua kushona.

Juzi nilimsindikiza kliniki ya ini. Daktari alitazama vipimo, akasema kirusi cha homa ya ini kimekuwa sugu, dawa haikiwezi tena. "Mzee, unaruka dozi?" Baba akaapa hajaruka hata siku moja. Hakusema uongo.

Ila tuliporudi nyumbani nilimkuta anakata kidonge kwa wembe wa kukatia nyuzi, nusu yake, nusu ya Mama. Kumbe Mama naye alikutwa na ugonjwa huo, akaona haya kupanga foleni kliniki.

"Sasa mama yako nimuache hivihivi?" Baba akaniuliza.

Nikamwambia nilivyosoma: nusu dozi haiui kirusi, inakizoesha dawa tu. Akacheka. "Haya Profesa, nenda kasome."

Ameandikiwa dawa mpya, Dada, na jana nimemwona anaikata hiyo pia. Mimi nikitaka kuongea na Mama, naishia kumuuliza habari za paka. Wewe anakusikiliza. Mpigie, umwambie aende kliniki apewe dawa zake mwenyewe. Akiuliza nani kakuambia, usinifiche. Sema ni mimi.

Mdogo wako anayekukumbuka sana.