Bomba Ulilonipa, Alfred

Mdogo wangu Alfred wa Mikumi,

Huku Kilosa mahindi yamekubali, goti langu ndilo limegoma. Mwaka jana ulinipa bomba la moshi la kiboti changu cha rimoti, ukasema, "Kaka, refu ndilo lenye mbio." Nikakuamini, kiboti chako kikanishinda mbio bwawani, nawe ukadai nikuamkie shikamoo mbele ya wajukuu, mimi niliyekubeba mgongoni. Sasa nimelikata bomba lako kidogo kidogo, unene wa kucha kila mara, nikilijaribu majini mpaka injini ikalia kama nyigu. Jumamosi uje bwawani na kiboti chako. Wajukuu wote nimeshawaita. Ukishindwa utaniamkia wewe, na jibu langu nimelitanguliza hapa chini.

Marahaba, mdogo wangu.

Kaka yako, Elia