Adhana ya Dar, jua la Mbeya

Shikamoo mama,

Leo nusura nifuturu mchana! Hapa Mbeya ukungu ulifunika kila kitu, redioni wakaadhini, nami nikainua kikombe cha uji. Mama Tumaini, mwenye nyumba niliyofikia, akanidaka mkono.

"Weka chini, mwanangu! Hiyo adhana ya Dar. Jua letu bado. Mpangaji wangu wa mwaka jana alifungua hivyohivyo, ikabidi ailipe siku ile."

Tukakaa jikoni tukiutazama uji ukipoa, hadi msikiti wa mtaani ulipoadhini. Alhamdulillahi, funga yangu imepona! Kumbe na yeye hakuwa amegusa kikombe chake.

Nakuombea funga nyepesi. Ulihofia huku nitakosa wa kuniangalia. Pumua, mama: nimempata, na Jumapili huimba kwaya kanisani.

Mwanao, Zuhura