Kioo Kilichotupeleka Uganda

Mama Lameki,

Msihamishe kitu hapa mezani. Waya wa kijani bado sijaulehemu, na kipokezi cha setilaiti kibaki dirishani, maana chini ya bati hakinasi kitu. ~~Wifi yako asiguse chochote.~~ Anatolia aguse anachotaka.

Asubuhi ulimwambia aache kuchezea vitu vya watu, nami sikumtetea. Nilikuwa bado nahakikisha alichosema. Kioo kilipowaka kikaonyesha namba za mahali tulipo, mimi nilifurahi tu. Yeye alifungua atlasi ya Lameki, akafuatisha namba kwa kidole, akasema taratibu, "Kaka, umetupeleka Uganda, karibu na Hoima. Hata kibali hukutuombea."

Huo ni utani wake wa kwanza tangu tumzike mumewe. Na ni kweli. Herufi ya kaskazini niliiandika mwenyewe kwenye programu, nikinakili kitabu cha watu wanaoishi juu ya ikweta. Sisi tuko chini yake. Wiki tatu sikuliona kosa hilo. Mashauri wa samaki angeondoka na kifaa hiki cha kuonyesha njia leo kwenda visiwani, na kwenye ukungu, akielekea kusini, kingemwambia anakwenda kaskazini. Nimemwomba asubiri.

Chipu yenye programu hiyo nimeing'oa, naipeleka Bukoba kwenye kompyuta ya usharika nikaisahihishe. Kesho Anatolia ndiye atakayelehemu waya. Mkono wake umetulia kuliko wangu. Mwambie wewe. Akisikia kwangu atadhani namhurumia.

Baba Lameki