Usimwite Mnyama

Al Mansoura, Doha

Naliaka mwanangu,

Natumai kikohozi cha nyanya yako kimepungua na yule mbuzi amezaa salama. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa sababu nikiongea kwa simu wenzangu chumbani wanasikia.

Nimefikiria sana hicho kitabu mnachosoma shuleni, cha yule mama Myahudi aliyetoka hai kwenye kambi za Hitler. Uliniambia alimvua viatu rafiki yake mahututi aliyekuwa bado anapumua, ukasema, "Mama, huyo ni mnyama." Usiandike hivyo kwenye insha. Waliomfunga ndio waliomwita hivyo kwanza. Wakamnyoa, wakamnyima jina na chakula, mpaka moyo ukafa kabla ya mwili. Na hayo ya viatu ameyaandika mwenyewe, hakuyaficha. Mnyama gani hujuta?

Hapa si kule, hakuna anayetuua. Lakini juzi Millicent, mwenzetu wa chumbani tunayesafisha naye vyumba hotelini, alianguka bafuni. Gari la wagonjwa lilipombeba, Terry, mwenzetu mwingine wa chumbani, akasema, "Haki, asiporudi, kile kitanda cha karibu na AC ni changu!" Tukacheka chumba kizima, na mimi pia.

Hakurudi. Kwetu tungepiga nduru mpaka kijiji kiamke, tukeshe matanga. Hapa tulivaa yunifomu tukaenda kazini, na sasa Terry analala pale. Nimetafuta machozi, mwanangu, sijayaona.

Kwa hivyo ukinisikia kwenye simu nikicheka sana, niulize nacheka nini.

Ni mimi mama yako anayekuombea,
Rispah